Mpango wa Kilo Zero

Sehemu ya nne

Kwa yule aliyekosa magazeti ya nyuma, sitamchosha. Naitwa Immaculée. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita kule Nizi hadi siku shule yetu ilipoteketea. Mume wangu nilikwisha kumzika. Hilo nililisimulia wiki mbili zilizopita na moyo hautaki nilirudie. Niliingia Bunia nimemshika mkono binti yangu Clarisse, tukapokelewa na mama mkwe wangu, Mama Godelive, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili mtaani Saio.

Nikapata kazi ya kufagia kwa Patron Dominique, mwenye bulanjeri inayotoa mikate elfu tatu kwa siku. Wiki iliyopita niliwaachia pale Patron aliponikuta nimeegemea ufagio, nasoma barua ya Kifaransa iliyokuwa imeanguka kutoka mezani kwake. Akafunga mlango nyuma yangu.

Mlidhani atanifanyia ubaya. Hata mimi nilidhani hivyo.

Aliniomba niandike.

"Unaelewa hii barua?"

"Naelewa, Patron."

"Basi nielezee. Nimeisoma mara tatu, kichwa iko naniuma tu."

Ilitoka kwa shirika moja linalolisha watu waliokimbia vita. Walitaka mikate kila asubuhi kwa kambi moja na shule tatu. Lakini mwaka huu kila anayewauzia chakula alitakiwa kwanza alete mpango ulioandikwa wa kupunguza taka za biashara yake.

"Taka?" Patron alicheka. "Batu iko nalala njaa, beye banauliza poubelle yangu?"

"Wanataka kujua unatupa nini, Patron. Kilo ngapi, kwa sababu gani, na utafanya nini ili utupe kidogo."

Akaacha kucheka. "Weye unaweza kuandika ile?"

"Nikipima kwanza."

"Pima. Nakupatia wiki mbili. Kontra ya ile mikate ikiingia, unaweka ufagio chini, unaikala mu biro. Isipoingia, weye na ufagio mutatoka pamoja."

Nikaomba mapipa matatu. La bluu, mikate iliyoungua na iliyorudi bila mnunuzi. Jeupe, vipande vya donge na unga uliomwagika. Jeusi, majivu na plastiki. Asubuhi na jioni nikayapandisha kwenye mizani ya magunia.

Mkuu wa waokaji alikuwa Patou, mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya tanuri. Miaka kumi na minne mbele ya moto ule, na hakuna aliyewahi kumpimia kitu.

"Mwalimu, sasa uko napima hata takataka," alisema mbele ya wote. "Kesho utapima jasho yetu. Kesho kutwa utatufuata mu choo na mizani yako."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikaandika: kilo tisini na nne.

Kesho yake, tisini na moja. Siku ya mvua, mama wauza mikate waliporudi na mabeseni yamejaa, mia moja ishirini na sita.

Nilisimama pale na daftari langu, nikamkumbuka Clarisse njiani tukitoka Nizi, siku ya tatu, alivyokuwa akitafuna kola ya gauni lake ili tumbo linyamaze.

Basi nikaandika kwa hasira. Mikate ya nyuma ya tanuri inaungua kwa sababu inaingia kwanza na kutoka mwisho: igeuzwe katikati. Unga unamwagika kwa sababu gunia linafunguliwa likiwa begani: liwekwe kwenye meza fupi. Siku ya mawingu, tupunguze robo. Na kitakachobaki kwenye pipa la bluu na jeupe kisagwe, kiende kwa Muzee Didier, mfugaji wa nguruwe kwenye barabara ya Bogoro, naye atuletee kuni za mikaratusi.

Ukurasa wa nne niliandika sentensi moja. Naiweka hapa kama ilivyokuwa: "Unga wote unaoanguka sakafuni ukusanywe kwa ufagio safi, usitupwe hata konzi moja."

Sakafu ile niliijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimeifagia miezi saba. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mle depo, ghalani mwa unga, kwenye kona za magunia, sikuwahi kuona panya.

Mwisho kabisa, kwa kiburi cha mwalimu, nikaongeza: lengo letu ni kilo zero.

Patron hakusoma kurasa nyingine. Alisoma hiyo tu.

"Zero," alisema taratibu, kama mtu anayeonja kitu. "Zero! Hiyo njo batapenda."

Wakapenda. Madame Véronique, mjumbe wa shirika, alikuja na mabuti ya mpira, akainamia mapipa yangu, akayapiga picha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kama kila mufanyabiashara wa Bunia angekuwa na mutu kama weye," alisema, "hii muji ingekuwa ingine."

Kontra ikaingia. Nikaweka ufagio chini. Wakanipa meza, kiti na karatasi ya mlangoni iliyoandikwa Responsable Déchets, Msimamizi wa Taka. Watoto wa Saio wakaniita Madame Poubelle, Mama Pipa la Taka, na Mama Godelive akawafukuza na mwiko mkononi, huku anacheka. Kila mfanyakazi alirudi nyumbani na mikate miwili kwa siku. Clarisse akaacha kuficha chakula chini ya mto.

Kilo tisini na nne zikashuka hadi thelathini na moja, na hizo thelathini na moja Muzee Didier alikuja kuzichukua kila asubuhi na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Chakula kilichotupwa: zero. Nikaandika zero ile kwa wino mwekundu.

Kisha asubuhi moja Muzee Didier hakuja. Mapipa yakashinda yamejaa.

Kesho yake nilipofika, yalikuwa matupu.

"Muzee alipita?" nilimuuliza Patou.

"Alipita mapema," alisema bila kuniangalia. "Andika zero yako."

Nikaandika. Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Nikaona mlango wa chumba cha nyuma, mlimokuwa na mashine ya kusagia mikate mikavu, umetiwa kufuli mpya. Je, niliuliza? Sikuuliza. Nilikuwa na kiti sasa.

Katika siku hizo habari nyingine ikaanza kutembea mjini. Kule kambini, mama mmoja alikuwa ametokwa damu puani mchana kutwa. Baadaye watoto wawili. Baadaye mwalimu wa moja ya zile shule tatu.

Ninyi mnaosoma mkiwa Bunia mnajua. Kuna ugonjwa ambao hapa kwetu hatuutaji bure. Mtu akitokwa damu, jirani anasogeza kiti chake kwanza, anauliza baadaye. Ndoo za kunawa zikarudi milangoni. Watu wa riposte, wale wa kupambana na mlipuko, wakarudi na nguo zao nyeupe, wakasimamisha hema, wakawaingiza waliotokwa damu. Redio ikasema tusisalimiane kwa mikono.

Patron naye akaweka ndoo yake ya maji ya Javel, dawa ya kuua vijidudu, pale langoni. Nilinawa humo kila asubuhi, nikapanda kwenda kuandika zero.

Siku ya dimanche, tumetoka misa, nikamkuta Muzee Didier amekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, kofia iko mikononi.

"Mwalimu, unisamehe kukusumbua siku ya Mungu," alisema. "Sikukuja kuomba kintu. Nilikuja kuuliza. Mulikuwa munatia nini mu ile chakula?"

"Kwa nini, Muzee?"

"Nguruwe yangu yote imekufa. Kumi na moja. Ilianza na ile jike mukubwa. Damu mu pua, damu mu masikio. Nikasema ni homa ya nguruwe. Lakini ya jirani yangu, tunachota maji pamoja, yake hakuna hata moja imekohoa. Tofauti yetu iko tu chakula yenu."

"Mbona hukuniambia? Patou anasema unapita kila asubuhi."

Akaiweka kofia magotini.

"Miye? Tangu nizike ile ya kwanza sijakanyaga kule. Leo iko siku kumi na mbili."

Mama Godelive akatoka na kiti na chai. Sikusikia alichosema. Nilikuwa nazidisha kichwani, kama nilivyowafundisha watoto. Thelathini na moja mara kumi na mbili. Mia tatu sabini na mbili. Kilo mia tatu sabini na mbili hazikwenda kwa nguruwe, na kwenye mapipa hazikuwamo.

Lundi, kesho yake, nilifika mapema, nikaenda moja kwa moja kwenye pipa jeupe. Nikazamisha mkono kwenye unga wa sakafuni, nikautandaza juu ya gazeti karibu na dirisha. Ndani yake mlikuwa na punje ndogo za bluu, kama mchele uliotiwa rangi, ambazo gizani mwa depo sikuwahi kuziona.

"Jeanine," nilimwita mtunza depo. "Hii ni nini?"

"Ile? Dawa ya panya, Mwalimu. Patou anaimwanga kila samedi, mwisho wa juma, mu makona. Tangu zamani. Panya inakula, inaenda kufia inje."

"Na zamani, unga niliokuwa nikifagia nikawaachia mlangoni, mlikuwa mnaupeleka wapi?"

"Tulikuwa natupa tu mu shimo." Akainua mabega. "Mbele ya mupango yako."

Bulanjeri ile chafu, isiyojua kupima chochote, miaka yote ilikuwa ikitupa sumu yake shimoni pamoja na unga. Ni mimi niliyesema isitupwe hata konzi moja.

Nikaenda chumba cha nyuma. Kufuli ilikuwa wazi. Patou alikuwa ameinama, anamimina gunia la unga wa kahawia kwenye beseni kubwa la kukandia.

"Patou, acha."

"Niache nini?"

"Hiyo ni mikate ya pipani. Ni unga wa sakafuni."

Akainuka, akajifuta uso kwa kiwiko. "Ulifikiri iko naenda wapi? Nguruwe imekufa. Madame Véronique iko nakuja siku ya vendredi kuangalia mapipa. Patron anasema zero ibakie zero. Weye njo uliandika. Zero haianguke toka mbinguni, Mwalimu."

"Patou, ndani yake mna dawa ya panya."

"Najua inaangukaka mulemule. Tunachekecha."

"Mnachekecha kabla ya kusaga au baada?"

Akaitazama mashine. Niliona swali likimwingia taratibu. Punje zile zilikuwa zimepita kwenye mashine. Hakuna chekeche duniani linalotenganisha unga na unga.

Patou akakaa juu ya gunia.

"Batoto yangu ine," alisema. "Banakula hii mikate kila siku."

Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine, akatoka kwa lango kubwa. Hakuaga mtu. Sikumwona tena.

Nilipanda ngazi kwa Patron bila kubisha mlango. Nikasema yote: nguruwe, punje, mashine, kambi, shule. Alinisikiliza hadi mwisho akizungusha kalamu yake ya bic mezani.

"Weye ni docteur?" aliuliza.

"Hapana, Patron."

"Riposte bamesema ni ugonjwa. Redio imesema ni ugonjwa. Sasa weye, mwalimu wa darasa la sita, unasema ni mikate."

"Unajua ni mikate."

Akaiweka kalamu chini. Kisha sauti yake ikawa ya upole, na upole ule ndio ulioniogopesha.

"Sikiliza, Mama Clarisse. Ile damu ikikuwa ya Mungu, hakuna mutu atakuja kugonga hapa. Ikikuwa yetu, bulanjeri inafungwa, batu makumi ine wanakosa kazi, na wa kwanza kuingia gereza ni mwenye aliandika mupango. Leo hatuoke. Tunaosha yote na Javel, tunatupa ule unga. Kesho unga mupya. Batu watapona polepole. Imekwisha."

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niombe nafasi kwenye gazeti hili.

Nilinyamaza.

Ningeweza kushuka ngazi zile, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, nikafika kwenye hema la riposte kwa dakika kumi na tano. Nilishuka ngazi, nikachukua ndoo, nikasaidia kuosha. Nilijiambia: unga mpya, watapona. Jioni nilitupa chooni mikate iliyokuwa nyumbani kwangu. Ya nyumba yangu tu. Majirani sikuwaambia neno.

Mardi, kesho yake saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Mama Godelive.

"Kuja mbio. Mutoto ameanguka hapa inje, kigoti imechubuka kidogo tu. Damu inakataa kusimama."

Nilimkuta Clarisse amekaa kwenye beseni la kufulia, kitenge cha bibi yake kimefungwa gotini, nacho kimelowa. Hakulia. Alinionyesha mdomo wake.

"Mama, hata meno yangu iko natoka damu. Tangu juzi. Niliogopa watanipeleka mu hema."

Kwenye kituo cha afya, mlinzi alipoona kitenge kile alipiga kelele, na watu waliokuwa wamepanga foleni wakatawanyika kama wamemwagiwa maji ya moto. Wawili wenye nguo nyeupe wakaja. Nyuma yao alikuja mwanamke mfupi mwenye barakoa, sauti yake imechoka. Docteur Vanessa.

"Mutoto alienda ku maziko?"

"Hapana."

"Aligusa mugonjwa? Alikula nyama ya pori?"

"Hapana."

"Alikula nini hizi siku?"

Wale weupe walikuwa wamekwisha kumshika Clarisse mabegani. Aligeuka kunitazama.

"Mikate," nilisema. "Mikate yenye sumu ya panya. Na wale wote wa ndani ya hema, docteur, wamekula hiyo hiyo."

Nikamweleza, nimesimama, kwa sauti ya chini, watu wanatazama kwa mbali. Jina la bulanjeri tu sikulitaja. Aliinua mkono, wale weupe wakasimama.

"Sumu gani?" aliuliza. "Iko ya kila aina. Ingine inazuia damu kuganda, hiyo niko na dawa yake hapa, sindano tu. Ingine inafanya ingine. Niletee paketi. Nikiishika mukononi, ninamudunga mutoto na ninaita bakubwa wa riposte. Mu ile hema iko batu kumi na ine, mama. Bila paketi, weye ni muzazi mwenye anaogopa hema. Banakuja benye hadithi kama yako kila siku."

"Na Clarisse?"

"Atabaki na miye, ku chumba ya pembeni. Nakupatia saa moja."

Nilifika bulanjeri kwa moto. Sakafu iling'aa. Depo ilinuka Javel mpaka macho yakaniwasha. Nilipekua kona zote, nyuma ya magunia, chini ya meza fupi niliyoiomba mwenyewe.

"Patron alikusanya paketi zote jana jioni," Jeanine alininong'oneza. "Moja tu njo iko, juu kwake."

Alikuwa ameketi akiningoja. Mezani palikuwa na paketi ya sumu, na kando yake karatasi iliyopigwa mashine.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimesikia mutoto anaumwa. Pole sana."

Nikaisoma. Ilisema kwamba mimi, Immaculée, Responsable Déchets, kwa akili yangu mwenyewe na bila mwenye bulanjeri kujua, ndiye niliyeamuru unga wa sakafuni urudishwe kwenye donge.

"Huu ni uongo, Patron."

"Nusu tu. Ukurasa wa ine, ni nani aliuandika?"

"Sikusema wapewe watu."

"Ulisema isitupwe." Akasukuma bic kuelekea kwangu. "Saini, ubebe paketi. Usipotaka, mulango iko nyuma yako. Sikufungie."

Niliangalia saa ya ukutani. Dakika thelathini na nane zilikuwa zimekwisha.

Jina langu nimeliandika mara elfu nyingi, kwenye daftari za watoto, kwenye vitabu vya shule. Halijawahi kuwa refu vile. Nikasaini. Nikanyakua paketi, nikakimbia.

Docteur Vanessa aliisoma pande zote mbili, midomo yake ikitembea nyuma ya barakoa. Kisha akavunja kichupa cha dawa, akavuta sindano.

"Ni ile ya damu," alisema. "Mungu amekuhurumia leo. Itachukua masaa, lakini itasimama."

Clarisse alikunja uso sindano ilipoingia. Nilimshika mkono. Docteur alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, anawapigia wakubwa wa riposte kwa sauti kali, paketi mkononi: waongeze sindano, wafungue hema, waache kuwahesabu watu hawa kama wagonjwa wa ile homa. Kwa mara ya kwanza tangu dimanche nilivuta pumzi hadi chini.

Ndipo nikasikia jina langu.

Lilitoka kwenye korido. Kulikuwa na redio dirishani, iliyowekwa kwa ajili ya wazazi waliokuwa wakingojea habari za watu wao wa ndani ya hema. Mtangazaji alikuwa anasoma taratibu, karatasi iliyotokana na ile niliyosaini. Hata saa moja ilikuwa haijapita tangu nisaini.

"…mwanamke mwenye kuitwa Immaculée, mukaaji wa Saio, amekubali kwa mukono wake mwenyewe kwamba njo yeye alitia sumu mu mikate yenye imeuzwa hapa muji…"

Karatasi yangu ilisema unga wa sakafuni; redio ilisema sumu, mikate ya hapa mjini. Hakutaja bulanjeri. Hakumtaja Patron. Hakutaja kambi wala shule. Jina lilikuwa moja tu.

Redio ikaendelea na matangazo ya sabuni. Kwenye korido viti vikaanza kusogezwa.

Docteur Vanessa alishusha simu. Alinitazama, akatazama mlango.

"Kule mbele iko batu makumi tatu, bote bamesikia jina yako," alisema chini chini. "Iko mulango ya nyuma, inapita kwenye wanafuliaka mashuka. Pita pale. Nitaita polisi wakukute ku barabara, wakubebe salama. Mutoto namulinda miye."

"Hema linafunguliwa?"

"Bado banabishana. Banataka kujua mikate ya nani, ya siku gani, ilienda wapi. Nimewaambia nitauliza."

Nilimwangalia Clarisse. Usingizi ulikuwa umempitia, kinywa wazi, damu imekauka kwenye meno.

Nyuma ya ule mlango wa mbele, pale kwenye korido, kulikuwa na watu ambao nyumbani kwao, juu ya kabati, mezani, ndani ya mfuko wa mtoto wa shule, bado kulikuwa na mikate ya samedi, ya mwisho yenye unga ule. Wengine walikuwa wamewaacha wadogo nyumbani na mikate hiyo ili waje kungoja wakubwa. Sasa kila mmoja wao alijua kuwa kuna mikate yenye sumu, na hakuna aliyejua ni ipi. Aliyejua ni Patron, Patou na mimi. Patou alikuwa ametoweka. Patron alikuwa amekwisha kusema alichotaka kusema.

Nilimwachia Clarisse mkono, kidole kimoja kimoja, asiamke.

"Mama, ni ile ya nyuma," Docteur alisema.

Nilifungua ule wa mbele.

Walikuwa wamesimama wote. Mama mmoja aliyejifunga mtoto mgongoni alirudi nyuma hatua moja. Mwanaume mwenye koti la dereva wa moto, mkononi ameshika kiatu kimoja kidogo cha shule, akaja hadi mbele yangu. Nilisikia anavyopumua.

"Njo weye wa ile redio?" aliuliza.

"Njo miye," nilimwambia. "Ikala, baba. Nataka niwaambie mikate ni ya nani, na ni ya siku gani."

Hakuna aliyekaa.